Château Gaillard: Ngome Iliyomsubiri Mfalme Asiyekuja

(Hotuba iliyotolewa mjini Rouen, jioni ya kuamkia ziara ya Les Andelys)

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Kaka na dada zangu, pamoja na watoto mlioburutwa kuja, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu Château Gaillard kwa sababu kesho tunakwenda kuitembelea, na waandaaji hawataki watu wapande kile kilima, wapige picha mbili tatu, halafu waanze kuulizana hapa palitokea nini. Ombi la haki kabisa. Magofu hayajielezi yenyewe. Mtakachokikuta ni mnara mnene uliopoteza kichwa, ukuta wa ajabu wenye vifundo, mahandaki yaliyoota nyasi, na mto Seine kule chini ukipinda kwa uzuri ambao utawafanya mwisahau ngome yenyewe. Kwa hiyo leo nitasema mimi, kesho mtatazama ninyi.

Kwanza niseme wazi ninachotaka kukitetea. Karibu kila mtu aliyewahi kusikia jina la ngome hii anajua habari moja tu: kwamba ilitekwa mwaka 1204 baada ya askari mmoja kujipenyeza kupitia chooni. Inachekesha, na waongoza watalii wanaipenda. Mimi naona inatupotosha. Ngome hii ilifanya kazi yote iliyojengewa. Ilimzuia mfalme wa Ufaransa kwa miezi sita kwenye mlango wa Normandie. Aliyetakiwa kuitumia miezi hiyo sita hakuitumia, na mtu huyo hakuwemo ndani ya kuta zake.

Mwishoni mwa karne ya 12, mfalme wa Uingereza alikuwa pia Duki wa Normandie, na kwa ajili ya Normandie alipaswa kumtambua mfalme wa Ufaransa kama bwana wake. Yaani mtu mmoja ni mfalme akiwa ng'ambo ya bahari, na akivuka tu anakuwa chini ya mfalme mwenzake. Mpango wa namna hiyo ulikuwa hauna budi kuzaa ugomvi. Wakati tunaouzungumzia, mfalme na duki huyo alikuwa Richard I, yule aliyeitwa Moyo wa Simba. Mpinzani wake alikuwa Philippe II, anayejulikana zaidi kama Philippe Auguste, mtu mvumilivu, mwenye hesabu, asiyependa sifa za vitani kama Richard lakini asiyesahau deni.

Wawili hawa walikwenda pamoja kwenye vita vya msalaba, na mwaka 1191 walikuwa wote mbele ya kuta za mji wa Acre, katika Nchi Takatifu. Philippe akarudi mapema. Richard akachelewa, na alipokuwa njiani kurudi, Desemba 1192, akakamatwa karibu na Vienna na Leopold, Duki wa Austria, ambaye baadaye alimkabidhi kwa Kaisari Heinrich VI. Fidia iliyotajwa ilikuwa marki 150,000 za fedha. Watu wa Uingereza walikamuliwa kodi mpaka makanisa yakatoa vyombo vya altare. Richard aliachiwa Februari 1194, na alipofika nyumbani akakuta Philippe hakuwa amekaa bure. Alikuwa ameichukua Gisors, ngome iliyolinda mpaka wa mashariki wa Normandie. Kwa kuipoteza Gisors, bonde la Seine lilibaki wazi, na bonde hilo ndilo linaloteremka moja kwa moja mpaka hapa Rouen, mji mkuu wa uduki wote.

Hapo ndipo jiwe la Andeli, yaani Les Andelys tunakokwenda kesho, linapoingia kwenye habari. Mto unapinda, na ndani ya pinda hilo limesimama jabali la chokaa lenye urefu wa zaidi ya mita 90 juu ya maji. Anayelishika hilo jabali anaiona kila mashua inayopanda na kila inayoshuka. Tatizo ni kwamba ardhi ile haikuwa ya Richard. Ilikuwa mali ya Askofu Mkuu wa Rouen, Gautier de Coutances, tena yenye mapato mazuri ya ushuru wa mto. Zaidi ya hapo, katika mkataba wa Januari 1196 Richard na Philippe walikubaliana kwa maandishi kwamba Andeli isijengwe ngome na upande wowote.

Mwaka huohuo Richard akaanza kujenga.

Askofu Mkuu alighadhibika. Akaiweka Normandie chini ya marufuku ya ibada: makanisa yakafungwa, hakuna misa, hakuna maziko ya kikristo. Mwandishi wa habari za enzi hizo, Roger wa Howden, anasema maiti zililala mitaani mijini bila kuzikwa. Hebu fikirieni mji kama huu, watu wanaoamini kwamba roho isiyozikwa kwa ibada iko hatarini, na sababu ya yote ni kiwanja cha ujenzi. Richard hakusimamisha hata nyundo moja. Aliwatuma wajumbe wake Roma kwa Papa Celestine III, naye Askofu akaenda mwenyewe, na mwishowe, Oktoba 1197, wakapatana kwa kubadilishana mali. Askofu Mkuu akaiachia Andeli, akapewa bandari ya Dieppe pamoja na maeneo mengine. Waliohesabu mapato wanasema Kanisa halikupunjwa hata kidogo. Ndiyo maana nasema kiwanja hiki kilikuwa ghali kabla hata ya jiwe la kwanza.

Na ujenzi wenyewe? Hesabu za hazina ya Normandie zimehifadhiwa, na zinaonyesha kwamba kati ya 1196 na 1198 zilitumika kama pauni 12,000. Kwa ngome zote za Uingereza nzima, katika utawala wake wote, Richard anakadiriwa kutumia pauni 7,000 hivi. Pesa hizo za Andeli zilimwagwa ndani ya miaka miwili. Ngome za ukubwa ule kwa kawaida zilichukua miaka kumi na zaidi.

Zile hesabu ni kavu kama hesabu zote, lakini ukizisoma unawaona watu. Wanalipwa wachimbaji wa machimbo, wachonga mawe, waashi, wachoma chokaa, maseremala, wahunzi, wachukuzi wa mawe, wachota maji, waendesha mikokoteni, wachimba mahandaki waliochonga mwamba wenyewe, na askari wa kuwalinda wote hao wakiwa kazini kwa sababu adui alikuwa mwendo wa saa chache tu. Kinachoshangaza ni jina lisilokuwepo. Hakuna fundi mkuu anayetajwa. Ndiyo maana wanahistoria wengi wanaamini msanifu alikuwa Richard mwenyewe, na mimi nakubaliana nao, maana ramani ya ngome hii haifanani na kazi ya fundi aliyekuwa akijenga kwa mazoea. Inafanana na kazi ya mtu aliyewahi kukaa pande zote mbili za ukuta: aliyezingira, na aliyezingirwa.

Kuna kioja kimoja kuhusu siku za ujenzi, nacho nitakitaja haraka kwa sababu watoto wataniuliza. William wa Newburgh aliandika kwamba siku moja Richard akiwa kazini ilinyesha mvua iliyochanganyika na damu, watu wakaogopa wakaona ni ishara mbaya. Richard akaendelea. William anaongeza kwamba hata malaika angeshuka kumwambia aache, angetukanwa.

Sasa nije kwenye ngome yenyewe, na hapa nitakawia kidogo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ile iliyo juu ni sehemu tu ya mpango. Chini, kwenye kisiwa katikati ya mto, Richard alijenga boma dogo. Ukingoni akaanzisha mji mpya wenye kuta zake, ambao leo ni Petit Andely, na mtapita mitaa yake kesho. Kuvuka mto mzima zikasimikwa safu za nguzo za miti ili mashua zisipite. Kwa hiyo mto ulizibwa, ukingo ukazibwa, na juu ya vyote ikawekwa ngome. Ukitaka kwenda Rouen kwa maji, lazima uitoe ngome. Ukitaka kuitoa ngome, lazima kwanza uumalize mto.

Jambo la pili ni kilima. Pande tatu za jabali ni mteremko mkali ambao hakuna jeshi linaloweza kuupanda likipigwa mishale. Upande wa nne, kusini-mashariki, jabali limeungana na uwanda wa juu kwa shingo ya ardhi. Na uwanda huo uko juu zaidi kuliko ngome! Mtu akisimama kule anaiangalia ngome kutoka juu. Huo ndio udhaifu wa mahali, na Richard aliujua. Ngome nzima imejengwa kama jibu kwa upande huo mmoja.

Akaigawa katika nyua tatu, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikitenganishwa na mwenzake kwa handaki lililochongwa kwenye mwamba. Ua wa nje una umbo la pembetatu, na ncha yake ya mnara mnene imeelekezwa kwenye ile shingo ya ardhi, kama mtu aliyetanguliza bega kupita kwenye umati. Ukishauteka ua huo, hujateka kitu: una handaki jingine mbele yako, na ukuta mwingine, ua wa kati. Ndani ya ua wa kati kuna handaki la tatu, na ndani yake ua wa ndani, na ndani ya ua wa ndani mnara mkuu. Adui alazimike kuanza vita upya kila mara, akiwa amechoka zaidi na amepungua.

Kwenye ua wa ndani, kesho simameni. Msiupite. Ukuta wake si ukuta wa kawaida ulionyooka wenye minara kila baada ya hatua kadhaa. Umeundwa kwa vipande vya duara vilivyobanana, kimoja baada ya kingine, kuzunguka karibu ua wote, hivi kwamba ukipitisha kiganja unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Hakuna mahali tambarare. Sababu ni ya kikazi kabisa. Jiwe la manjaniki, ule mtambo wa kurushia mawe, likigonga ukuta bapa uso kwa uso, nguvu yote inaingia ndani. Likigonga mahali palipovimba, linateleza pembeni. Na mlinzi aliye juu anaona chini ya ukuta kote, hakuna kona ya adui kujibanza akachimba kwa raha. Nimetembelea ngome nyingi za nchi hii, na sijaona nyingine yenye ukuta wa namna hii. Kila ninapofika hapo huwa naona huruma kidogo, maana ni ubunifu ambao haukuigwa.

Mnara mkuu nao una akili yake. Ukiwa ndani yake ni wa duara, lakini nje upande unaomkabili adui umenyoshwa mpaka ukawa na ncha nene ya mawe matupu, tena kwa sababu ileile ya kupotosha mawe yanayorushwa. Ndani yake chumba kina upana wa mita 8 hivi. Kilichobaki ni unene wa ukuta. Angalieni nje, upande wa ua, mtaona nguzo zilizoshikana na ukuta ambazo ni nyembamba chini na zinapanuka kadiri zinavyopanda. Hizo zilibeba baraza ya mawe yenye mianya sakafuni, ya kuangushia mawe na vitu vingine juu ya vichwa vya waliofika chini. Wakati ule ngome nyingi za Ulaya Magharibi zilitumia vibaraza vya mbao, ambavyo huungua. Hapa ni kati ya mahali pa mwanzo ambapo jambo hilo lilifanywa kwa mawe.

Kuta zenyewe ni za chokaa ya hapohapo kilimani, zikijazwa katikati kwa kokoto na gumegume lililochanganywa na chokaa iliyochomwa. Nje zilivikwa mawe yaliyochongwa vizuri, ambayo mengi hamtayaona. Yalikwenda wapi? Tutafika huko.

Mwaka 1198 kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Gerald wa Wales anasimulia majibizano ambayo huenda yalipambwa, lakini yanawafaa wahusika. Philippe alisema angeiteka ngome hata kuta zake zingekuwa za chuma. Richard akajibu kwamba angeilinda hata kuta zake zingekuwa za siagi. Hakupata nafasi ya kuthibitisha. Machi 1199, akiwa mbali kusini, akizingira ngome ndogo ya Châlus isiyo na uzito wowote, alipigwa mshale begani akiwa hajavaa deraya. Kidonda kikaoza. Akafa tarehe 6 Aprili. Aliyejenga ngome ghali kuliko zote aliuawa chini ya ukuta ambao hata mwenyewe hangeuita ngome.

Akarithiwa na ndugu yake John.

Agosti 1203 Philippe alifika Andeli na jeshi lake. Msimamizi wa ngome alikuwa Roger de Lacy, kabaila wa Uingereza, mtu mgumu ambaye nitawaomba msimpende haraka. Philippe hakukimbilia kilima. Alianza na mto, kama mpango wa Richard ulivyomlazimisha. Watu wake wakakata zile safu za nguzo majini huku wakipigwa mishale, wakajenga daraja la mashua kuvuka mto, wakakizingira kisiwa.

John alijaribu mara moja, na jaribio lilikuwa zuri kwenye karatasi. Guillaume le Maréchal, kabaila na shujaa wa John, aje na jeshi kwa nchi kavu usiku, na wakati huohuo mashua zipande mto kutokea Rouen zikiwa na chakula na askari, wote wafike pamoja kabla ya alfajiri. Jeshi la nchi kavu lilifika, likawashtua Wafaransa usingizini, likawasukuma mpaka mtoni. Mashua hazikuonekana. Waliopanga walikosea hesabu za maji na mkondo, wapiga makasia wakawa wanapambana na mto. Zilipotokea kulikuwa kumepambazuka, jeshi la Maréchal limeshafukuzwa, na Wafaransa wamejipanga darajani wakizingoja. Baada ya hapo kijana mmoja wa Mantes, aitwaye Gaubert, aliogelea mpaka kisiwani akivuta vyungu vyenye makaa ya moto, akauchoma uzio wa mbao wa boma la kisiwa upande ambao hakuna aliyekuwa akiulinda. Kisiwa kikaanguka. Wakazi wa mji wa chini, walipoona moto, walikimbilia juu ngomeni.

Hapa ningependa kunyamaza kidogo kuhusu mawe.

Watu hao walikuwa zaidi ya elfu moja. Wanawake, watoto, wazee, mafundi walioletwa kuishi kwenye mji mpya wa Richard. Roger de Lacy alihesabu chakula chake akaona hakitoshi. Akaanza kuwatoa kwa makundi. Makundi mawili ya kwanza Wafaransa waliyaruhusu kupita. Philippe aliposikia akakataza: kila tumbo linaloachiwa kutoka linaongeza siku za ngome. Kundi la mwisho lilipotolewa lilipokewa kwa mishale. Likarudi langoni. Lango likabaki limefungwa.

Wakakaa pale, kati ya kuta za Richard na mahandaki ya Philippe, majira ya baridi mazima, kwenye ile miteremko ambayo kesho tutakuwa tunaisifia kwa mandhari. Guillaume le Breton, padri wa Philippe aliyekuwepo mwenyewe, ameandika waliyokula: majani, mbwa waliofukuzwa kutoka ngomeni, na mambo mengine ambayo sitayataja mbele ya watoto. Mwezi Februari Philippe alipopita karibu walimlilia, naye akaamuru wapewe chakula. Guillaume anasema kulikuwa na mtu mmoja aliyeshikilia paja la mbwa, akakataa kuliachia mpaka mkate uingie mkononi mwake. Wengi walikufa kwa kula ghafla baada ya njaa ile ndefu.

Vitabu vingi vya ujenzi wa ngome huwapa watu hawa sentensi moja, kisha vinarudi kwenye unene wa kuta. Lakini wao pia ni sehemu ya usanifu. Richard alijenga mji chini ya ngome ili uisaidie ngome kuishi, na hakupanga mji ungekwenda wapi siku ngome ikifunga mlango.

Na John? Desemba 1203, wakati watu hao wakiwa mtaroni na Roger akiwa bado ameshikilia kuta zote tatu bila ufa, John alipanda meli akaenda Uingereza. Hakurudi kuiokoa. Kuna wanaomtetea: hazina ilikuwa tupu, makabaila wa Normandie walikuwa wakimkimbia mmoja mmoja, fidia ya Richard na ngome yenyewe vilikuwa vimekula pesa zote. Hoja hizo zina uzito, sizikatai. Ila ngome haiwezi kumfukuza adui. Inaweza kumchelewesha tu, mpaka mwenye jeshi afike, na Roger de Lacy aliendelea kumchelewesha adui kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuvuka bahari.

Februari 1204 Philippe alianza kushambulia kutokea uwanda wa juu, upande uleule ambao Richard aliutarajia. Handaki la kwanza likajazwa, ngazi zikawa fupi, askari wakachimba kwa visu mahali pa kukanyaga kwenye mwamba wa chokaa. Wachimbaji wakafika chini ya mnara wa ncha, wakatoboa msingi wake huku wakiushikilia kwa nguzo za miti, kisha wakazitia moto nguzo hizo. Mnara ukashuka. Ua wa nje ukaenda.

Ua wa kati ndio wa hadithi ya choo. John, katika muda mfupi aliomiliki ngome hii, aliongeza jengo moja lililoshikamana na ukuta: juu kanisa dogo, chini vyoo, mpangilio ambao Guillaume le Breton mwenyewe, akiwa padri, aliuona haumpendezi Mungu. Jengo lilikuwa na dirisha linalotazama nje, lisilolindwa. Askari mmoja aitwaye Bogis alipandishwa mabegani na mwenzake, akalifikia, akaingia, akawashushia kamba wengine. Waliokuwa ndani waliposikia kelele walidhani ni jeshi zima, wakalichoma jengo. Moshi ukawarudia wenyewe, wakakimbilia ua wa ndani, na Bogis na wenzake, waliookoka, wakashusha daraja. Ndivyo Guillaume anavyosimulia, na mimi namfuata: ni dirisha. Vyoo vilikuwa chini ya paa lilelile, na nadhani hapo ndipo hadithi ilipopatia harufu yake. Kwa vyovyote, haukuwa mlango wa Richard. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. John alijenga ukuta, akauwekea ufa.

Kosa moja la Richard lipo, na kesho mtalikanyaga. Mbele ya lango la ua wa ndani handaki halikuchongwa lote. Waliacha daraja la mwamba kama njia ya kuingilia. Daraja hilo liliwapa wachimbaji wa Philippe kivuko na kificho. Wakaja chini ya kibanda cha mbao cha kujikinga, wakatoboa ukuta. Walinzi wakachimba kutokea ndani kuwazuia, na kazi ya pande mbili ikaudhoofisha ukuta uleule. Manjaniki kubwa iliyoitwa Cabulus ikamalizia. Tarehe 6 Machi 1204 ukuta wa vifundo ulipasuka. Waliobaki walikuwa hawafiki mia mbili. Walipigana uani, wakabanwa, wakakamatwa bila kupata nafasi ya kuingia kwenye mnara mkuu. Ule mnara wenye ncha, wenye baraza ya mawe, sehemu ya ngome iliyofikiriwa kuliko zote, haukulindwa hata saa moja.

Rouen ilifungua milango tarehe 24 Juni mwaka huohuo. Normandie, iliyounganishwa na Uingereza tangu 1066, ikawa ya Ufaransa. Kilichobaki mikononi mwa John ni vile visiwa vya baharini, Jersey, Guernsey na vidogo vyake, ambavyo mpaka leo viko chini ya taji la Uingereza.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1314 ngome iligeuzwa gereza la binti wa kifalme, Marguerite de Bourgogne, aliyeshtakiwa kwa uzinzi. Mumewe akawa mfalme Louis X wakati yeye yuko kifungoni, na akafia humo mwaka 1315. Kati ya 1334 na 1341 David II, mfalme mtoto wa Scotland, alilelewa hapa akiwa mkimbizi. Kwenye Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, Waingereza waliizingira tena, na mwaka 1419 ilisalimu amri kwa sababu ambayo naipenda kuliko ya choo: kamba za kuchotea maji kisimani zilikatika, na hapakuwa na nyingine. Kuta zilikuwa nzima. Chakula kilikuwepo. Kamba hazikuwepo.

Mwishoni mwa karne ya 16 Henri IV aliamuru ivunjwe, kwa maombi ya watu wa nchi wenyewe, waliochoka na majambazi na wakubwa waasi waliokuwa wakijifungia humo na kuwasumbua. Watawa wa Andelys wakaruhusiwa kuchukua mawe kwa ajili ya majengo yao, ndiyo maana kuta nyingi mtazikuta zimevuliwa nguo, zimebaki matumbo ya kokoto na gumegume. Mwaka 1862 serikali iliiingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za taifa, na uvunjaji ukakoma.

Kuhusu kesho, basi halitaanzia mjini. Tutapanda moja kwa moja mpaka uwanda wa juu na kushukia kwenye ile shingo ya ardhi, kwa sababu ngome hii inasomeka kutokea upande wa aliyekuja kuivunja: kwanza mnara wa ncha, kisha ua wa kati na mabaki ya kanisa la John, kisha lile daraja la mwamba. Vaeni viatu vyenye meno. Chokaa ikilowa huteleza vibaya. Watoto wasiachwe peke yao karibu na mahandaki. Na wenye magoti mabovu wasione haya kubaki na mimi pale juu: ndipo alipokaa Philippe, na kutoka pale inaonekana ngome nzima.